Bi Ndezi na Msonobari wa Babu Tembo

Hapo zamani za kale, sukari ilipokuwa bado inakaa ndani ya miti na haijaujua mfuko, kulikuwa na majirani wawili. Sogeeni karibu. Na wewe, acha kumfinya mwenzako! Mimi nimezaliwa kwenye miwa, kwa hiyo msitegemee kwamba sitapendelea.

Juu mlimani aliishi Bwana Tembo na mkewe. Walikuwa na msitu wa misonobari, ile miti mirefu yenye majani kama sindano. Misonobari yao haikuwa ya mchezo. Ukiichubua gome ilitoa utomvu mtamu, ukaganda ukawa sukari.

Chini bondeni, kando ya mto, aliishi Bi Ndezi, mjane, yule panya mnene apendaye miwa. Shamba lake alililima mwenyewe, akalipalilia mwenyewe, akapukusa majani makavu mwenyewe, mpaka viganja vikaota sugu. Tatizo lake lilikuwa moja tu: hakuwa na kinu cha kukamulia. Wanawe walikamua kwa meno, maskini, wakalala na taya zinauma.

Basi akapanda mlima kuomba gogo.

“Hodi hodi!”

“Karibu, kama una jambo la maana,” akasema Tembo.

“Bwana Tembo, jirani yangu, nigawie gogo moja nichonge kinu cha miwa.”

“Hoo! Hoo! Hoo!” Tembo akacheka mpaka machozi. “Msonobari wangu ukamue nyasi? Unauona huu? Aliupanda babu yangu mzaa baba, akafa hajakalia kivuli chake. Mti huu una mbao za milango, una nguzo za nyumba, una mbegu za kutafuna, na sukari juu yake! Huo wako uliupanda lini?”

“Mwaka jana, mvua za kwanza.”

“Mwaka jana! Mti gani huo? Hata meno haujaota!”

Bi Ndezi akapandwa na hasira. “Haujaota meno lakini unanilisha kila mwaka. Nanywa maji yake, napika sukari guru, makapi nawashia moto. Wewe unakaa kumsubiri mjukuu!”

Lo! Masikio ya Tembo yakapiga papapapa.

“Kumbe una mdomo! Basi sikia. Bonde lile lina maji na udongo mweusi, limeharibika bure kwa nyasi zako. Mvua zikinyesha nashuka kupanda misonobari. Tafuta pa kuhamia.”

Moyo wa Bi Ndezi ukalia paa! Aende wapi na watoto wote wale? Akashuka huku analia, akaingia shambani, akakaa juu ya kisiki cha muwa alioukata siku chache nyuma. Kitu kikamchoma makalioni. Akainuka, akatazama. Akaacha kulia.

Kesho yake alirudi mlimani na Nungunungu, mjumbe wa kijiji.

“Bwana Tembo,” akasema kwa adabu, “wewe una nguvu, bonde utalichukua tu. Lakini watu watasema umemnyang’anya mjane. Heri tushindane mbele ya mjumbe, ulichukue kwa heshima. Mimi nikate miwa yangu yote mpaka chini. Wewe ukate msonobari mmoja tu, huu wa babu. Mvua zikinyesha, utakaoinuka ndio mti wa sukari wa kweli. Mwenye nao atakaa na bonde, na vyote vilivyokatwa ni vyake.”

Tembo akameza mate. Miwa yote ile!

“Mume wangu,” akasema Bi Tembo, “sisi tumewahi kukata msonobari?”

Kweli, hawakuwahi. Mbao zao zote zilitokana na miti iliyong’olewa na upepo, mizizi juu.

“Mizizi ya babu imeshika mwamba!” Tembo akafoka. “Itashindwa na mizizi ya nyasi?”

“Nimeuliza tu.”

“Usiulize!”

“Haya, baba.”

Bondeni kukasikika kwacha! kwacha! kwacha! Bi Ndezi na wanawe walikata miwa chini kabisa, sawa na udongo, wakaviacha visiki vyake. Kisha wakavifunika kwa majani makavu, taratibu, kama mnavyofunikwa nyinyi usiku.

Mlimani kukasikika ko! ko! ko! Kisha krrrrr... BUU! Ndege wote wakaruka.

Tembo akashuka kuchungulia. “Ehe! Unaivisha maiti sanda?” akacheka.

“Acha ipumzike,” akajibu Bi Ndezi.

Tembo naye hakulala. Alimwagia kisiki chake maji kwa mkonga, chwaaa! Akakitilia samadi. Siku moja kikatoa utomvu.

“Mke wangu, njoo! Kinatoa machozi ya furaha! Kinaamka!”

Akalamba. Ulikuwa mtamu, akalamba tena na tena. Masikini, hakujua kwamba utomvu ule ukizidi haukai tumboni. Gurugurugu! Tembo mbio kichakani. Akarudi, akalamba, gurugurugu, mbio tena!

Mvua zikanyesha. Nungunungu akaja kukagua, na kijiji kizima nyuma yake.

Bi Ndezi akafunua majani. Jamani! Kila kisiki kilikuwa kimezungukwa na machipukizi ya kijani, makali kama mkuki. Palipokuwa na muwa mmoja palikuwa na kundi. Kifua cha Bi Ndezi kikajaa fahari, na mimi ninayesimulia kinanijaa hivi sasa.

Wakapanda mlimani. Kisiki cha msonobari kilikuwa kimya.

“Amka, babu!” Tembo akakigonga. “Amka, watu wamekuja!”

Bi Tembo akakohoa.

“Ulijua!” Tembo akamgeukia Bi Ndezi. “Ulijua msonobari hauchipui!”

“Nilijua muwa unachipua. Wako nilibahatisha, maana mwenye mti hakuujua.”

Nungunungu akasimamisha miiba. “Bonde ni la Bi Ndezi. Miwa ni yake. Na gogo hili, Bwana Tembo, ni lake pia. Lisukume umpelekee.”

Na Tembo akalisukuma, gurugurugu, mpaka bondeni, jasho likimtoka. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mama yule alilitaka gogo tangu mwanzo.

Kinu kikachongwa. Mti ule ulikuwa mzuri kweli, haukupasuka wala kupinda, na Bi Ndezi alisema hivyo mbele ya watu wote. Maji ya miwa yalipotoka, chururu, kibuyu cha kwanza alimpa Tembo.

Tembo akanywa. Akanywa tena.

“Jirani,” akasema kwa sauti ndogo, “huu mti wa mwaka jana... una kibuyu kingine?”

“Upo hata mwaka kesho,” akajibu Bi Ndezi, mikono kiunoni. “Kunywa, kisha ukapande mbegu za babu yako. Mjukuu anasubiri.”

Basi wanangu, hadithi nimeikamua, makapi ni yenu: mkubwa ni yule anayekatwa akachipua.