Mawaridi ya Sechelela

Maji yaliyofungiwa hayapozi. Mmenisikia nikiisema, mkaniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Sechelela wa Hombolo alipenda maua. Nyuma ya nyumba alijenga kibanda cha nailoni, akapanda waridi lililotokana na tawi aliloachiwa na marehemu dada yake. Jua la kule linachoma, basi kwenye dirisha la upande wa upepo akaning'iniza magunia, akawa anayalowesha. Upepo ukipita kwenye magunia mabichi uliingia umepoa, ukatokea dirisha la pili. Waridi likastawi.

Watu wakaanza kuchungulia na kusifu. Hapo hofu ikamwingia Sechelela. Jicho la mtu halina dawa! Akaziba madirisha yote mawili kwa nailoni, magunia akayahamishia ndani, maji akamwaga maradufu.

Siku ya tatu majani yalilegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Akamwaga tena. Joto likamlemea kifuani kama mvuke wa chungu, matone yakamdondokea kichwani, na ukungu mweupe ukatambaa kwenye matumba. Sechelela akajiambia: Wameshaniroga! Na waridi hili likifa, tawi la dada nitalipata wapi tena?

Akakimbilia kwa jirani yake, Bibi Mbeleje mfinyanzi.

"Bibi, ni jicho lako? Niambie, nikupigie magoti!"

"Jicho langu halioni tundu la sindano, litaona waridi lako?" Mbeleje akacheka. Lakini alipomfuata hadi kwake na kuingiza kichwa kibandani alirudi nyuma akihema. "Kitendawili!"

"Bibi, mwenzio nakufa, wewe wataka vitendawili?"

"Sema tega!"

"Haya, tega."

"Namwogesha kutwa, jasho halimkauki."

"Nimeshindwa, Bibi."

"Ni hiki kibanda chako, mwanangu. Mtungi wangu nikiuvika nailoni, maji yake yatapoa? Kinachopoza ni upepo kupita penye ubichi. Wewe upepo umeufukuza."

"Nikifungua wataona!"

"Wacha waone. Ukifunga, utazika."

Sechelela akachana nailoni ya madirishani, akayarudisha magunia dirishani. Upepo ukapita. Matumba mawili yalikuwa yameoza. Kesho yake asubuhi la tatu likanyanyua shingo, na wapita njia wakasimama kulitazama. Sechelela aliogopa, tena sana, lakini hakufunga.

Basi mkimwona mtu anakificha kitu chake kwa hofu hadi kinamwozea mkononi, mwambieni taratibu: maji yaliyofungiwa hayapozi.