Hakuna Aliyeusifu Mgahawa wa Korongo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mashuka na majirani wambea kama sisi, kulikuwa na mji mmoja juu mlimani. Ulikuwa mji wa baridi. Asubuhi ukungu ulishuka mzito, ukinyoosha mkono wako huuoni, na mwenye jino bovu alijuta kuhamia huko.

Katika mji huo Korongo mmoja aliyetoka Uchina alifungua mgahawa. Alipika chakula cha asubuhi cha kwao, dimsamu: vifurushi vidogo vya unga, vyembamba hata mwanga unapita, vinavyoivishwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi. Huliwa kwa chai, tena chai nyingi. Na Korongo alikuja na desturi yake. Birika lako likiisha, humwiti mtu. Unafunua kifuniko na kukiacha wazi, mwenye mgahawa anakuja kulijaza. Kulipita birika lililo wazi ni aibu, ni sawa na kumfukuza mgeni.

Masika yalipoingia, Korongo hakuonekana tena. Mlangoni alikaa Chatu.

"Mwenzangu amekwenda kwao kuzika," alisema polepole. "Karibuni ndani. Jikoni hakuna kilichobadilika."

Wakaingia. Penye joto nani hapataki?

Sasa tegeni masikio. Mgahawa ule ulijaa kila asubuhi, lakini ukimuuliza aliyetoka, hausifu.

"Vidogo mno," Bwana Tembo alinung'unika. "Nimekula sitini, tumbo linaniuliza tutaanza saa ngapi."

"Havina chumvi," alisema Mama Fisi. "Ni kama kulamba ukuta."

"Havina chumvi?" Mzee Nyani aling'aka. "Chumvi imezidi! Ulimi wangu umekufa ganzi."

Walibishana njiani mpaka jua la mchana, na kesho yake wakarudi tena kula. Wenyewe mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine mko nao nyumbani.

Katika mji huo aliishi pimbi mmoja jina lake Siwazuri. Alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu na mkali wa maneno. Aliishi na dada yake Mize, wawili tu, baba na mama walishafariki. Jumatatu Mize alikwenda mgahawani. Jumatano ikafika, hajarudi.

Siwazuri akamsimamisha Tembo njiani. "Shikamoo, Bwana Tembo. Hukumwona dada yangu mle ndani?"

"Marahaba. Nilimwona, ndiyo. Alikuwa meza ya pembeni. Lakini vile vifurushi, binti yangu, ni vidogo kama kunguni."

"Alitoka saa ngapi?"

Tembo akafikiri. "Kutoka? Hapo sikuangalia. Nilikuwa namweleza Nyani habari ya ukubwa."

Akamuuliza Mama Fisi, akajibiwa chumvi. Akamuuliza Mzee Nyani, akajibiwa chumvi vilevile, ila nyingi.

Siwazuri akapanda juu ya jiwe lake, akakaa kusubiri jua na kuwaza. Mize hakujua kulalamika. Mize ukimpa ugali mbichi atakushukuru na kuuliza aliyeupika. Na hawa wanaotoka mgahawani, wote ni walalamishi. Basi wanaosifu wako wapi?

Alipojiuliza hivyo, manyoya yote ya mgongoni yakamsimama. Aliogopa, siwafichi. Lakini dada ni dada. Akashuka jiweni, akaenda.

Ndani mvuke ulikuwa mzito kuliko ukungu wa nje. Ulisikia sauti kabla hujaona sura. Siwazuri akakaa karibu na pazia la jikoni. Meza iliyofuata alikaa Digidigi, peke yake, macho kayafumba, anatafuna.

"Tamu," Digidigi alijisemea. "Sijawahi kula kitu kitamu hivi."

Sakafuni kukasikika mkwaruzo, kwaaa, kwaaa. Kichwa cha Chatu kikatokeza katikati ya mvuke. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa.

"Wewe unajua chakula, mwanangu," alisema. "Njoo jikoni nikuonyeshe kinavyopikwa."

Digidigi akainuka, anatabasamu. Pazia likafunguka, likafunga. Hapakuwa na kelele wala kishindo. Kilisikika kifuniko cha kikapu tu, tup. Mezani Fisi na Nyani waliendelea na chumvi yao.

Siwazuri alitaka kukimbia. Lakini alikuwa ameyaona yale macho, na pimbi na chatu wamegombea jua juu ya mawe yaleyale tangu enzi za mababu, kila mmoja anazijua siri za mwenzake. Macho meupe maana yake ngozi imekaribia kuvuliwa. Na chatu akishavua ngozi huamka na njaa ya miezi mitatu. Kumbe alikuwa anaweka akiba. Ngozi ya midomoni ilikwisha kubanduka, na hadi mchana itakuwa imetoka yote. Kama Mize yu hai, muda wake ni huo.

Siri ya pili ni hii: chatu bila joto ni kamba tu. Siwazuri akatupa jicho nyuma ya pazia. Joto la nyumba nzima lilitoka kwenye sufuria moja kubwa. Mvuke ulitoka humo. Maji ya chai yalichotwa humohumo.

"Na wewe, binti," ilikuja sauti ubavuni mwake, "umeonaje chakula?"

Akisifu, anaingia kikapuni. Akiponda, anatoka nje na dada yake anabaki.

"Bado naonja, mjomba," alisema Siwazuri. "Kwanza chai." Akafunua kifuniko cha birika lake, akakiacha wazi.

Chatu alizungusha mkia kwenye birika, akaenda, akalijaza, akarudi. Alipogeuka tu, Siwazuri akateleza chini ya meza mpaka kwa Nyani.

"Mzee Nyani, pole. Mama Fisi anasema ulimi wako ni wa mpingo, hauna kazi."

"Amesema hivyo?"

Akapita kwa Fisi. "Mama Fisi, usikasirike. Mzee Nyani anasema mlaji wa mizoga hawezi kufundisha watu chumvi."

"Mimi?"

Akapita kwa Tembo. "Bwana Tembo, wanasema vifurushi si vidogo, wewe ndiye mlafi."

Lo! Mgahawa uliwaka. Huyu anapiga meza, yule anaapa kwa kaburi la bibi yake. Na ugomvi hukausha koo. Walikunywa, wakabishana, wakanywa. Siwazuri alipita chini ya meza anafunua vifuniko, tik, tik, tik. Tembo ndiye aliyemsaidia kuliko wote bila kujua, maana Tembo humaliza birika kwa mkupuo mmoja na kuendelea na sentensi yake.

Chatu alikwenda na kurudi. Angelipita birika moja tu, wote wangejua hakulelewa katika adabu ya nyumba ya Korongo, wangeanza kuuliza maswali. Kwa hiyo alimimina. Ngozi ilimning'inia shingoni vipandevipande, naye anamimina.

Kisha mvuke ukaanza kupungua. Nyuma ya pazia sufuria iliyokaukiwa maji ilikwaruza, shhh, ikanyamaza. Siwazuri akakimbilia mlangoni, akausukuma wazi kwa mgongo wake wote. Ukungu wa mlimani ukaingia taratibu, ukapita chini ya meza, ukawagusa miguu.

"Na… wewe… binti," alisema Chatu. Neno moja lilichukua muda kulifikia jingine. "Umeonaje… cha…"

Kichwa kikalala mezani, kando ya birika. Macho meupe yalibaki wazi.

Ubishi ukakatika. Kwa mara ya kwanza tangu masika waliweza kuona upande wa pili wa chumba. Waliona viti. Vingi vilikuwa vitupu, na kwenye migongo ya viti vile zilitundikwa kanga, kofia na makoti ya watu wanaowajua. Nyuma ya pazia kitu kilikuwa kinakwaruza mianzi kwa ukucha.

"Mize," aliita Siwazuri.

Walivifungua vikapu kimoja kimoja. Digidigi alikuwamo, amelala. Mume wa Mama Fisi alikuwamo. "Nilijua umehamia kwa yule mke wako wa bondeni," Mama Fisi alisema, kisha akaanza kulia. Kwenye kikapu cha sita alikuwamo Mize, kalowa, anapepesa macho. Siwazuri alimkumbatia akamng'ang'ania, akamgombeza, akamkumbatia tena.

Tembo alimkunja Chatu kama mkeka, akamtia kwenye kikapu kikubwa kuliko vyote na kukikalia.

Kikapu cha chini kabisa kilibaki. Humo alikuwamo Korongo, amekonda, mbawa zimemganda mwilini. Walimtoa, wakamfunika kanga. Alitazama meza zilizojaa sahani, akawatazama wao.

"Nani alikuwa anawapikia?" aliuliza.

"Si wewe… yaani, si ni huyu Chatu?" alisema Nyani.

"Chatu hajui kukanda hata unga. Na mimi nimo humu tangu masika."

Nyani alichukua kifurushi kimoja sahanini, akakipasua katikati. Ndani hamkuwa na nyama, wala kamba wa baharini, wala mboga. Palitoka mvuke kidogo, fyuu, ukaisha. Mkononi alibaki na gamba jembamba. Alilinyanyua kuelekea mlangoni kwenye mwanga, na wote wakayaona yale madoa ya Chatu, ya ngozi yake ya zamani, yamejipanga vizuri.

Tembo alikisukuma mbali kikapu chake cha vifurushi. Alikuwa amekula sitini kila siku.

"Lakini chumvi niliisikia," alisema Nyani kwa sauti ndogo. "Wallahi niliisikia."

"Mimi sikuisikia," alinong'ona Mama Fisi, na safari hii hawakubishana.

Basi, watoto wangu, kabla hujagombania chumvi, tazama unachotafuna, kisha mhesabu jirani yako.