Sitihawa, Jina la Michi Miwili

Paukwa!
— Pakawa!
Mbona sauti kama mna njaa? Paukwa!
— Pakawaaa!

Ehee, hapo sawa. Wewe Mwanaidi uliyenuna kwa sababu wenzako wanalicheka jina lako refu, sogea ukae hapa mbele. Ya leo ni yako.

Zamani hizo, hata bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mkunga, Bi Mwanamize. Watoto wa kijiji kizima walipita mikononi mwake. Hakuwa msemaji. Ukimpelekea shida yako, yeye hutafuta kwanza kazi ya kukupa.

Basi Zaituni akajifungua mtoto wa kike. Vigelegele! Siku ya saba ikafika, siku ya kumnyoa mtoto na kumpa jina. Bibi mzaa baba, Bi Siti, akaja na wembe. Bibi mzaa mama, Bi Hawa, akaja na bakuli la maji.

"Mjukuu wangu ni Siti," akasema mwenye wembe.

"Thubutu! Ni Hawa," akasema mwenye bakuli.

"Basi wembe wangu sitoi."

"Na maji yangu hupati!"

Wakaondoka, huyu na wembe wake, yule na bakuli lake. Siku ya nane, kimya. Siku ya tisa, kimya. Siku ya kumi, mtoto hajanyolewa wala hana jina. Watu wazima hao, jamani! Mimi hata kusimulia naona haya.

Ndani, Zaituni analia. Machozi yanakuja, maziwa yanakwenda. Mtoto anashika ziwa, anavuta, hapati kitu. Nyaa! Nyaa! Asubuhi nyaa, jioni nyaa. Mwisho hata hizo nyaa zikaanza kuwa ndogo.

Zaituni akamwambia mkunga, "Bibi, mwanangu atanifia mikononi, hata jina la kumlilia sina."

Bi Mwanamize akatoa kinu uani, akamimina mtama, akawaita mabibi wote wawili.

"Mzazi anataka uji, na mie mikono imechoka. Twangeni nyinyi. Kila anayeshusha mchi alitaje jina analolitaka, tena kwa nguvu, mtoto asikie."

Wee, walifurahi! Kila mmoja alijua leo anamshinda mwenzake. Wakashusha kwa pamoja. Kwaa! Michi ikagongana, mtama ukaruka nje.

"Ngojaneni," mkunga akasema. "Kinu ni kimoja."

Wakaanza upya. Mmoja anashuka, mmoja anapanda.

"Siti!" Puu!
"Hawa!" Puu!
"Siti!" Puu!
"Hawa!" Puu!

Ndani, nyaa zikakatika. Mabibi wakashtuka, wakasimamisha michi. Nyaa!

"Sasa mnangoja nini?" akauliza mkunga.

Wakatwanga. Wakatwanga huku machozi yanawatoka, maana sasa walijua walichokuwa wamekifanya. Siti, puu! Hawa, puu! Siti, puu! Hawa, puu! Zaituni ndani akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya saba. Uji ukaiva, akanywa bakuli zima. Maziwa yakashuka.

"Sitihawa," akamwambia mwanawe, "nyonya, mama."

Mtoto akanyonya mpaka akalala. Kesho yake wembe ukaja, na maji yakaja, kichwa kikanyolewa.

Miaka ikapita. Bi Mwanamize akafariki, wakamzika kwa heshima. Bi Hawa naye akafariki. Bi Siti akabaki, mzee, macho hayaoni, anashinda mkekani uani. Siku moja shoga wa mjukuu wake akapita mbio na ndoo yake, akaita, "Siti! Siti weee, twende kisimani!"

Bi Siti akainua kichwa. Jina lake hilo, alilolipigania! Unajua alisema nini?

"Na mwenzangu umemwacha wapi? Rudi, umwite vizuri."

Yule binti akarudi, akaita jina lote. Bibi akajilaza tena mkekani.

Basi wanangu, majina ya zamani yalikuwa marefu kwa sababu ndani yake wamo watu. Ukilikata, kuna mtu unamtoa nje.

Yangu yamekwisha, na uji wangu unapoa. Haya, nyinyi mliokuwa mnacheka, mwiteni mwenzenu. Jina lote, nisikie.

— Mwanaidiii!