Mtama Uliochacha na Jina la Mtoto

Hapo zamani, zamani ambazo hata mimi nilizikuta zimeshapita, kando ya mto Lukande palikuwa na mwanamke akiitwa Tausi. Sogeeni. Wewe mwenye kikohozi kaa upande ule, na anayetaka kulala akalale sasa hivi, maana mwisho wa habari hii nitauliza swali na sitamwamsha mtu.

Tausi alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Lakini maziwa hayakutoka. Wakampa uji wa ulezi, hayakutoka. Wakampa mchuzi wa kuku, yakatoka matone, mtoto akanyonya, akaachia, akalia. Tausi naye akalia. Na kila mtu wa bonde lile alijua dawa ya jambo hilo. Ni mchuzi wa kambare. Si perege, si dagaa, ni kambare mnene mwenye ndevu, apikwe pamoja na kichwa chake.

Sasa bonde lile lilikuwa na desturi. Aliyempatia mzazi kambare ndiye aliyempa mtoto jina. Jina moja tu, na mtoto alikwenda nalo mpaka kaburini. Na jina lilitakiwa litajwe kabla mchuzi haujaisha chunguni. Tena baba wa mtoto hakuruhusiwa kukanyaga mtoni mpaka mwanawe aitwe jina. Kwa hiyo Kobelo, mume wa Tausi, msimtazame, hana la kufanya. Alikuwa mtu mwema, ila kosa lake alikubaliana na kila aliyesema mwisho.

Akaja Bi Semeni, mama mzazi wa Tausi. Akamtazama mjukuu, akautazama mto. Mvua zilikuwa zimeuchafua, kambare wamelala topeni, na ndoano za watu zilikuwa zinarudi na minyoo yake. Bi Semeni akasema, "Kambare wa maji machafu hafuatwi na mnyoo. Anaalikwa."

Akachukua mtama, akauchemsha mpaka ukapasuka. Akauacha upoe. Akautia kwenye mtungi, akachanganya na machicha ya pombe, akamiminia maji vuguvugu, akafunga mdomo kwa jani la mgomba, akauweka juani nyuma ya nyumba. Kila asubuhi alifungua, akanusa, akakoroga, akafunga. Tausi akamuuliza, "Mama, bado?" Akamjibu, "Bado. Ukichacha kidogo wanakuja vidagaa. Ukioza hawaji hata hao. Uchache sawasawa, ndipo anapokuja mwenye ndevu. Subira huvuta heri, mwanangu."

Na ulichacha kwelikweli. Mtungi ukaanza kutoa povu. Harufu ikatoka nyuma ya nyumba, ikaja mbele ya nyumba, ikaingia ndani bila kupiga hodi. Mlunde, mtani wa Kobelo, alipokuja kumsalimu mzazi alisimama mlangoni akaziba pua. "Mama," akamwambia Bi Semeni, "Kobelo amekufa lini? Mbona mtani wake sikuitwa kuzika?" Bi Semeni akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho, akamwambia, "Wewe ndiye utakayevua, baba. Kesho asubuhi uchukue mtungi huu uende nao Kidimbwi cha Mianzi. Umwage, ungoje, ndipo utege."

Lakini mle ndani alikuwamo Havijawa, dada yake Kobelo, wifi yake Tausi. Huyu ndiye aliyefagia, aliyechota maji, aliyembeba mtoto mgongoni Tausi akisinzia. Aliolewa kitambo, na hakujaliwa mtoto. Jioni ile wakaja wanawake wa ng'ambo kumwona mzazi. Wakaingia, wakajitanda nguo puani, wakasema hongera haraka haraka, wakatoka. Mmoja akasema njiani, na Havijawa akamsikia, "Nyumba ya mzazi inanuka hivi, haina mwanamke?"

Ikamchoma. Bi Semeni alikuwa ndani anamwogesha mjukuu. Havijawa akazunguka nyuma, akafungua jani la mgomba, akarudi hatua moja. Akasema moyoni, hiki chambo kimeshaharibika, hakuna samaki atakayekila. Akaubeba mtungi mpaka pale kwenye matete wanawake wanaposuuza vyombo, maji ya magotini, mahali ambapo hakuna mvuvi aliyewahi kutupa ndoano. Akamwaga wote. Akausugua mtungi kwa mchanga mpaka ukang'aa. Akarudi akalala na moyo mweupe.

Asubuhi Mlunde akaja, akaukuta mtungi safi kama unangoja maji ya kunywa. Havijawa akasema, "Ni mimi." Bi Semeni hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alikaa chini akashika tama, na mtoto analia.

Kobelo akasema kutoka nje ya ukuta, maana hakukaa chumba kimoja na mkwewe, "Mama, kosa moja haliachi mke."

"Si mke wangu," akajibu Bi Semeni.

Mlunde akaenda hivyo hivyo, na minyoo yake, maana kurudi nyumbani aliona haya. Akafika Kidimbwi cha Mianzi. Akakuta nini? Viboko. Mama, baba na ndugu zao wote, wameingia kidimbwini wamestarehe, na mianzi imelala chini. Mlunde akawasalimia kwa mbali, akageuka.

Akashika njia ya kwenye matete. Kabla hajafika pua ikamwambia jambo. Akasimama. Akaona maji ya kusuuzia vyombo yanatoa mapovu, na matete yanatikisika wala hakuna upepo. Akatupa ndoano. Haikupita muda, kamba ikakazwa, ikakatika. Sasa, mwingine angesema bahati mbaya, akaenda zake. Mlunde alivua shati akajitupa kwenye tope, akamkumbatia kambare mzima mzima, mrefu kama mguu wa mtu. Kambare akamzungusha, Mlunde akang'ang'ania. Mwiba wa pezi ukamwingia kiganjani, akang'ang'ania. Walitoka majini wote wawili wamechoka, na kwa tope lile usingejua yupi ni Mlunde. Mkono ukavimba mpaka kiwiko, na ule ulikuwa msimu wa palizi. Jembe lake likalala.

Kambare akapikwa na kichwa chake. Tausi akanywa mchuzi, akapumzika, akanywa tena. Na maziwa yakaja. Yakaja mpaka mtoto akapaliwa, akakohoa, akarudi kunyonya kwa hasira. Nyumba nzima ikacheka. Bi Semeni akampakulia Havijawa mnofu wa mgongoni kwa mkono wake mwenyewe, na Havijawa akapokea kwa mikono miwili, akala huku machozi yanamtoka. Palikuwa na furaha pale, msidhani palikuwa na ugomvi. Ila mchuzi ulikuwa unapungua na mtoto hana jina.

Bi Semeni akasema wa kwanza. "Kambare alialikwa, na mwaliko ni wangu. Ningeutoa mtama jana yake, asingekuja. Ningeuchelewesha, asingekuja. Kuunusa nilifundishwa na mama yangu, Siwatu. Mimi nilizaa mtoto mmoja tu, huyu Tausi, na jina lake alipewa na mvuvi. Mama yangu hana wa kuitwa kwa jina lake duniani. Mtoto aitwe Siwatu."

"Kweli, mama," akasema Kobelo nje ya ukuta.

Havijawa akasema wa pili, macho chini. "Mama, sitakudanganya kwamba nilijua nilifanyalo. Nilikuwa nakitupa. Lakini chambo chako kingekwenda kidimbwini, kingekanyagwa na viboko, na mtoto angekuwa analia mpaka sasa. Kosa mmesema ni langu, nami nimekubali. Basi kama kosa ni langu, na kilichotoka kwenye kosa hilo ni changu. Mimi sikujaliwa mtoto. Siku nikifa, jina langu linafukiwa pamoja na mimi. Huyu nimembeba tangu alipotoka tumboni. Mtoto aitwe Havijawa."

"Kweli, dada," akasema Kobelo.

Mlunde akainua mkono wake uliovimba. "Mtoto aitwe Ndevu," akasema. Wakacheka wote isipokuwa Tausi, maana alijua mtani akishikilia hana wa kumzuia. Mlunde naye akacheka, kisha akaacha kucheka. "Utani nimemaliza. Mama, mtama hauvui. Na wewe dada, kumwaga si kuvua. Mimi nilitumwa kidimbwini, kwenye matete sikutumwa na mtu. Samaki yule ningempeleka kwangu, nani angejua? Wanangu leo wanakula mlenda mtupu, na mimi nimekaa hapa natazama kichwa cha kambare. Mama yangu, Chiku, mlimzika ninyi. Watani zake, watu wa nyumba hii, mlichimba kaburi lake mvua inanyesha na mkatia utani mpaka nikacheka siku ya msiba. Sijapata kuwafanyia jema linalolingana na lile. Na nyumba iliyomzika, ndimo ninamotaka mama yangu aitwe tena. Mtoto aitwe Chiku."

"Kweli, mtani," akasema Kobelo.

Tausi akageukia ukutani. "Mume wangu, majina yote matatu umeyakubali."

"Kweli," akasema Kobelo.

Tausi akachukua kata, akataka kuongeza maji chunguni. Bi Semeni akamshika mkono taratibu. "Hapana, mwanangu. Desturi haizimuliwi. Watu wakishindana hivi, mzazi ndiye anayeamua. Upawa wa mwisho unampa mmoja, na aliyepewa anataja jina."

Na msiniambie apewe majina matatu, desturi ilikuwa jina moja. Wala msiniambie angojewe mtoto wa pili, hakuna aliyejua kama atakuja. Wewe uliyekuwa ukicheka kwa Mlunde, na wewe uliyekuwa ukitikisa kichwa kwa Havijawa, njooni mwinue upawa huu ninyi.

Tausi akakwangua chungu. Ukatoka upawa mmoja, haukujaa. Mbele yake mabakuli matatu. Hili la mama aliyemzaa, aliyeujua mtama na siku yake. Hili la wifi yake, ambaye bila kosa lake mtoto asingenyonya, na ambaye hana mtoto mwingine wa kuitwa jina lake. Na hili la mtani, aliyemtoa samaki majini kwa mkono ambao sasa haushiki jembe, akapita mlango wa kwake akamleta. Wote watatu walikuwa wanampenda, na wote watatu walikuwa wameinamisha nyuso ili wasimlazimishe kwa macho. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake, ameshiba.

Je, upawa ule aliustahili nani?