Kwa Nini Bendera ya Msiba Hupanda Juu Kwanza

Sogezeni miguu, iachieni njia hadithi yangu ipite. Inakuja polepole kwa sababu inachechemea, na mkiisikiliza mpaka mwisho mtajua ni kwa nini.

Zamani hizo bendera haikujua kukaa katikati ya mlingoti. Ilijua mambo mawili tu: asubuhi kupanda mpaka juu kabisa, na jioni kushuka ikalale kikapuni. Katika nchi ya Milonge, iliyokuwa na watu wa Mlimani na watu wa Bondeni, mlingoti ulisimama juu ya kilima kilichoonekana kutoka kila upande. Mama wa Bondeni akitoka kuchochea moto asubuhi, alitazama kwanza kule. Akikiona kitambaa chekundu kinapepea juu, alijua nchi ni salama, akaendelea na shughuli zake.

Nakijwa alizaliwa huko Bondeni. Alikuwa binti mdogo siku wavamizi walipotokea nyikani. Aliiona bendera ikipanda, ikafika katikati, ikakwama. Mshale ulikuwa umempata mtu aliyeshika kamba. Watu wa Bondeni hawakungoja kuelezwa. Walibeba watoto, wakaswaga mbuzi, wakakimbilia mapangoni, na ndiyo maana walipona. Tangu hapo, kwa mtu wa Bondeni, bendera iliyoishia katikati ilikuwa na maana moja tu: kimbia.

Huko juu vita viliendelea mpaka kijana mmoja wa Mlimani, jina lake Sengondo, alipoukwea ule mlingoti huku goti lake limepasuliwa kwa mkuki, akaifikisha bendera kileleni kwa mkono wake. Wenzake walipoiona walipata nguvu mpya, na wavamizi wakatimka. Goti halikupona. Nakijwa alipokuja kuolewa naye, alikuta mume mwenye sifa nchi nzima na mguu usiokunjika vizuri, akavipenda vyote viwili, ingawa mguu ndio alioutania zaidi.

Lakini kumfukuza adui ni jambo moja, na kuishi na jirani ni jambo jingine. Vita vilipokwisha, watu wa Milonge wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe juu ya maji. Mfereji ulikuwa mmoja tu. Ulianzia kwenye bwawa la mawe huko Mlimani, ukateremka mpaka mashamba ya Bondeni. Wa juu walisema wa chini ni wavivu wanaolalamika tu. Wa chini walisema wa juu wana kiu ya kunywa hata maji ya wajukuu wa wenzao. Mapanga yalikwisha kunolewa.

Sengondo, ambaye sasa alikuwa mshauri mkuu wa mfumwa, ndivyo walivyomwita mtawala wao, aliumaliza ugomvi ule kwa namna yake. Kila asubuhi alipanda mpaka bwawani, akafungua mlango wa maji, akayaangalia yanavyotoka. Kisha aliteremka mdogo mdogo mpaka katikati ya mfereji, akaketi juu ya jiwe mahali ambapo watu wa pande zote mbili walimwona. Hapo ndipo alipoamua nani amwagilie na nani asubiri. Jioni, kabla ya kwenda kula, alipanda tena akaufunga mlango ili bwawa lijae usiku.

"Mguu wenyewe wa kuazima, na bado unapanda," Nakijwa alimwambia. "Si uende moja kwa moja pale katikati? Jiwe lako halina mwenyewe."

"Mama watoto, nikikaa katikati bila kufika juu, nitakuwa nagawa maji nisiyoyaona."

Basi alipanda huku akinung'unika njia nzima, akashuka huku akinung'unika, mwaka hata mwaka, mpaka kichwa kikawa cheupe. Watu wa pande zote walimpenda hata kwa yale manung'uniko. Wakimsikia anakuja, walijua haki imeamka.

Alfajiri moja hakuamka. Mlimani kote watu wakapigwa na butwaa, na Bondeni habari ilikuwa bado haijafika. Mzee alipaswa kuzikwa jioni ile ile, kabla jua halijazama, ndiyo ilikuwa mila. Na mpatanishi hutiwa udongo kaburini na pande zote alizozipatanisha. Upande mmoja usipotia udongo wake, mapatano yanazikwa pamoja na mtu. Nakijwa alikaa kwenye mkeka wa msiba akiwaza jambo hilo moja. Mapatano ya mfereji hayakuwa na ushahidi mwingine isipokuwa mdomo wa mumewe, na mdomo huo sasa ulikuwa umefumba.

Nje, wazee wa baraza walikuwa wanabishana kuhusu bendera. Wapo waliosema isipandishwe kabisa, kwa kuwa aliyeipandisha hayupo. Wengine wakasema ipande mpaka juu, kwani mzee hakupenda nchi yake ionekane imeinama. Mfumwa alikuwa mtu mwema lakini hakupenda kumuudhi yeyote, hata inzi. Akaamua: isiwe chini wala isiwe juu, iwekwe katikati. Wote wakaridhika. Kangero, mtunza bendera, akaivuta kutoka kikapuni mpaka nusu ya mlingoti, akafunga kamba. Hawa watu wa Mlimani siku ile ya vita walikuwa chini ya mlingoti wenyewe, machoni vumbi tupu. Hawakuwahi kuiona bendera kama ilivyoonekana kutoka mbali.

Haukupita muda, Nakijwa akasikia pembe kutoka Bondeni. Haikuwa pembe ya kilio. Ilikuwa ile ya kukimbia, aliyoisikia siku ya wavamizi akiwa binti mdogo mgongoni mwa mama yake.

Mjane hainuki kwenye mkeka kabla ya maziko. Nakijwa aliinuka. Wanawake walimshika kanga, akawaachia kanga. Alipofika uani alitazama chini, akaona vumbi la mbuzi likielekea mapangoni, na vijana wenye mikuki wakishika njia ya kupanda mlimani. Akageuka akaitazama bendera pale katikati, akaelewa wa Bondeni wameona nini.

"Kangero, nipe kamba!"

"Mama, mfumwa amesema katikati."

"Itafika katikati, baba yangu. Lakini ni lini ulimwona Sengondo akifika katikati bila kupitia juu?"

Kangero akampa kamba, kisha akaishika pamoja naye. Waliivuta bendera upesi mpaka ikagota kileleni. Upepo ukaishika ikakunjuka yote. Kule Bondeni vumbi la mbuzi likasimama. Vijana wa mikuki nao wakasimama, wakakinga macho kwa mikono.

Nakijwa akaiacha juu kidogo, wapate kuamini. Kisha akaanza kuishusha. Aliishusha taratibu, akivuta na kupumzika, kwa mwendo aliouona kutoka mlangoni pake maisha yake yote. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Ilipofika nusu ya mlingoti akafunga kamba.

Mbele ya wale vijana alikuwa kaka yake Nakijwa, Mzee Mshitu, ambaye ndiye aliyelisimulia jambo hili baadaye kila alipopata pombe. Alisema vijana walimuuliza, "Mzee, mbona inashuka tena? Tukimbie au tupigane?" Naye alikuwa ameitazama ikishuka, ikisita, ikishuka tena, mpaka mkuki ukamponyoka. "Nchi ni salama," aliwaambia. "Huyo ni shemeji yangu. Ametoka bwawani, anakwenda kukaa kwenye jiwe lake. Rudini mkachukue udongo."

Walikuja wote, wazee na watoto, kila mmoja na udongo wa Bondeni mkononi, umefungwa kwenye jani la mgomba. Walitia udongo wao juu ya udongo wa Mlimani mpaka haukutambulika upi ni upi. Jua lilikuwa bado halijazama. Maji ya mfereji yakabaki ya wote.

Jioni, watu walipoanza kutawanyika, Kangero alifungua kamba aishushe bendera kutoka pale katikati mpaka kikapuni. Nakijwa alikuwa amerudi kwenye mkeka wake, mtulivu kabisa.

"We Kangero," aliita. "Unampeleka wapi? Hajafunga maji."

Kangero akaelewa. Akaipandisha kwanza mpaka juu, akaiacha ikitazama bwawa lake, ndipo akaishusha ikalale. Mfumwa alikuwa amesimama hapo hapo. Kwa mara ya kwanza katika utawala wake hakuuliza wengine wanaonaje. Alivua kofia.

Na tangu siku hiyo, akifa mtu aliyeipigania nchi na kisha akaipatanisha, bendera haiendi katikati moja kwa moja. Hupandishwa upesi mpaka kileleni, ili wa mbali wajue nchi ingali salama, kisha huteremshwa polepole mpaka nusu ya mlingoti, ili wajue mtu wao ameketi. Na jioni haishuki kabla haijapanda tena. Mtaona hata leo, askari aliyevaa glavu nyeupe akifanya hivyo bila kujua anamsindikiza nani.

Nanyi mkimwona, simameni wima, msicheke wala msinong'one. Na kamba ikisita kidogo wakati wa kushuka, msimharakishe. Ni lile goti.