Mama Mkwe wa Bwana Kiboko

Sogeeni, wanangu, na wewe mwenye kidole puani sogea pia. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipanga vyumba kama sisi, Bi Siwema Nguchiro alihamia mji mpya na watoto watano, kitanda kimoja na sufuria isiyo na mfuniko.

Nyumba waliyopanga ilikuwa na ua mmoja na bomba moja. Maji yalitoka alfajiri, yakakatika saa nne asubuhi. Na chini ya bomba, tangu tone la kwanza hadi la mwisho, nani alikaa? Bwana Kiboko, anaoga. Chubwi, chubwi! Anasugua tumbo, anaimba, anageuka, anasugua mgongo.

"Jirani, naomba ndoo moja tu," Siwema akasema. "Wanangu hawajanywa maji tangu jana."

"Subiri nimalize."

"Utamaliza saa ngapi?"

"Saa nne."

Nyati, mpangaji wa chumba cha uani, akajaribu kumsukuma. Puu! Akajikuta amekalia jiwe la kufulia.

Siwema akarudi chumbani amekasirika, maana kitinda mimba wake midomo ilikuwa imekauka. Mara akasikia kilio chumba cha pili. Kumbe ni Mwatatu, mke wa Kiboko. Amejifungua juzi, mtoto wa kwanza, na mama yake yuko mbali mtoni. Hana wa kumkanda wala wa kumpikia uji.

"Na mumeo?"

"Yuko bombani. Hata mimi hanichotei."

Siwema akakunja mikono. Nguchiro kumkanda kiboko si mchezo. Ilibidi apande juu kabisa na kutumia miguu yote minne. Huku anakanda, anampa habari za wanawe: wa kwanza kang'oka jino, wa pili kaziona taa za barabarani akadhani ni wazee wamesimama, akaziamkia shikamoo moja moja mpaka sokoni.

Mwatatu akacheka hadi kitanda kikalia kwiii.

"Kuanzia leo wewe ni mama yangu," akasema.

Siwema akaacha kukanda. Akatabasamu.

"Umesema mwenyewe, mwanangu."

Kesho yake alfajiri, Siwema huyo uani, kajifunga khanga mbili, ndoo mkononi.

"Hodi, mkwe."

"Mkwe wa nani?" Kiboko akauliza, povu hadi masikioni.

Dirisha likafunguka. "Mume wangu, huyo ndiye mama yangu, anayenilea uzazi. Unamtazama mama mkwe wako huku unaoga?"

Loo! Huko kwao Kiboko, mwanamume akikutana na mkwewe njiani huingia kichakani kumpisha. Kuonwa naye akiwa anaoga je? Masikini akajaribu kujificha nyuma ya bomba. Bomba lenyewe nene kama kidole, na yeye mnamjua. Basi akatimka, pu-pu-pu, akajifungia chumbani.

"Shikamoo, mama," sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Marahaba. Usitoke, mkwe, bado nina habari."

Akajaza ndoo, watoto wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Kisha akawaita wapangaji wote wapange foleni, na yeye akakaa pale pale anasimulia: nani kapata surua, nani kaoa, nani kagombana na kuku wa jirani. Kila Kiboko alipochungulia, Siwema aliita, "Mkwe?" na mlango ukafungwa, pwa!

Saa nne bomba likakohoa, kho, kho, likanyamaza.

"Mama," Kiboko akanong'ona, "povu limenikaukia, linawasha."

Siwema akamwekea kopo la maji mlangoni, akageuza uso ukutani ili achukue bila kuonwa, kwa kuwa mkwe mwema naye hujua adabu.

"Jisuuze, mwanangu. Kesho nitawahi zaidi. Bado sijakupa habari za mashangazi."

Basi, wanangu, usiyemweza kwa mabavu, mfanye ndugu.