Waridi la Kopo

Mwanamke mmoja alikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, na ndani ya kopo mlikuwa na mche wa waridi. Mwanamke huyo aliitwa Mghoi. Waridi hilo ndilo lililowahi kuipa bustani ya mji sifa: jekundu la kuiva, lenye harufu iliyokupokea getini kabla hujaliona ua lenyewe. Kisha wakubwa wakataka parking. Vichaka vikang'olewa vyote asubuhi moja, na Mghoi, aliyekuwa mfagiaji pale, akaokota vijiti saba kwenye lundo la taka. Sita vikaoza. Kimoja kikashika.

Miaka mitatu alikaa nacho katika chumba cha kupanga, dirishani, wao wawili tu. Majirani walimwita Mama Kopo, wakimwuliza kama mtoto ameanza kutambaa. Alicheka nao, kisha akafunga mlango. Hakuwa na wa kumwambia kwamba mizizi ilikuwa imezunguka kopo hadi ikajisokota yenyewe, na kwamba bila udongo wa kweli mche ule hauvuki kiangazi.

Akaenda kwa kamati ya bustani. Pembeni mwa parking yao palibaki tuta moja, tupu, limekaa tu. Akapewa fomu. Akajaza. Akaambiwa arudi Jumanne. Jumanne akaambiwa mwenye muhuri yuko semina. Alirudi mara kumi na moja, kopo kwapani, akikaa kwenye benchi la nje ambako watu humpita mtu kama wanavyopita nguzo ya stima. Mwishowe mwenyekiti, Mzee Mwambingu, mtu wa adabu zake, akamwita ndani, akamweleza kwa upole kwamba tuta lile ni la mimea yenye experience. Process ni process.

"Lete kwanza ua, mama, ndipo tukupe udongo."

Mghoi alijua ameombwa nini. Mche dhaifu wa koponi ukichanua, hutoa yote uliyo nayo. Ndiyo maana kila tumba lilipochomoza alilikata kwa ukucha, mwaka baada ya mwaka, ili shina liishi. Wiki ile likachomoza jingine. Akaliwekea ukucha. Akalikumbuka benchi. Akaondoa mkono.

Likachanua. Akalipeleka, na kamati nzima ikasimama. Mwambingu alinusa, akatafuta leso, akasema mkewe alivaa ua kama hilo siku ya harusi yao. Tuta likapitishwa bila kupingwa. Congratulations zikamiminika, wakampa mkono mmoja mmoja. Siku ya kupanda ikawekwa baada ya wiki tatu, maana mgeni rasmi naye ana ratiba yake, si ndiyo?

Siku hiyo wakaja na suti zao. Mghoi akalipasua kopo. Shina lilikuwa limekauka hadi mizizini, na alilijua hilo tangu Jumapili, ila hakuona wa kumwambia. Hakuna aliyeuliza. Mche ukatiwa shimoni hivyo hivyo, na kila mkubwa akapita akarusha kiganja cha udongo, huku mpiga picha akiwaomba wasogee. Walipoondoka, yeye alibaki amechuchumaa kando ya tuta mpaka askari wa bustani akaja kufunga geti.

Ninyi mnaoketi nyuma ya meza na kudai ua kabla ya udongo, niambieni: siku ile mlipanda, au mlizika?